Kutia Hariri Rangi kwa Majani, Maganda na Magome ya Nyanda za Juu Kusini

Mafundi wengi wa batiki wa Mbeya na Iringa wanaijua kazi yao barabara: pamba nyeupe, nta, rangi ya unga, kostiki soda, haidrosalfaiti, beseni na glavu ndefu. Lakini mtandio wa hariri ukiingia kwenye beseni lile lile hutoka mgumu, mng'ao umekufa, na ukifuliwa mara chache huanza kuchanika kwenye mikunjo. Rangi haina kosa, wala mkono wa fundi. Pamba ni mmea, hariri si mmea. Hariri hutoka kinywani mwa kiwavi anayekula majani ya mforosadi. Ni protini, ndugu wa nywele na sufu, na kostiki huila kama dawa ya kunyooshea nywele inavyozila nywele zilizoachwa nayo kupita muda.

Kwa hiyo ukitoka kwenye pamba kuja kwenye hariri, geuza karibu kila ulichozoea. Penye kostiki weka siki. Penye dawa kali weka moto wa taratibu. Penye haraka weka usiku kucha. Nta nayo iache, kwa sababu maji ya rangi ya mimea yanataka joto la nyuzi 80 hivi, na nta huyeyuka mapema kabla ya hapo. Hariri itakulipa kwa jambo moja ambalo pamba hailitoi kirahisi: inapokea rangi za mimea kwa kina na kwa mng'ao, bila kubembelezwa sana. Na mimea yenyewe imetuzunguka. Kuna miwati ya Njombe, mikaratusi ya Mufindi, parachichi za Rungwe, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, chai ya Tukuyu. Sioni sababu ya kuagiza rangi ya kahawia kutoka ng'ambo wakati magome yamelundikana kando ya tanuri la mkaa.

Kwanza hakikisha ni hariri

Hariri mpya ya kukatiwa kwa mita ni adimu huku kwetu. Mara nyingi utaiagiza Dar es Salaam. Lakini kwenye masoko ya mitumba ya Mwanjelwa na SIDO, hapa Mbeya, kuna skafu, mitandio, blauzi na hata tai za hariri halisi, zimechanganyika na satini za poliesta zinazofanana nazo mno kwa macho. Soma lebo. Hariri huandikwa silk kwenye nguo za Kiingereza, soie za Kifaransa, seta za Kiitaliano na Seide za Kijerumani. Lebo ikisema satini tu, bado hujaambiwa kitu: satini ni namna ya kufuma, na inaweza kufumwa kwa uzi wowote.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, zishike kwa kibanio cha chuma, uziwashe juu ya sahani yenye maji. Hariri huwaka polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima ukiondoa moto, na huacha majivu meusi yanayopondeka vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Pamba na reyoni hunuka kama karatasi iliyoungua. Muuzaji akikuona unarudi mara kwa mara atakuruhusu kuchomoa nyuzi hizo kabla ya kulipa; omba tu kwa adabu, na usichomoe mahali panapoonekana.

Chagua nguo nyeupe au ya rangi ya maziwa. Rangi ya mimea haifuniki rangi iliyopo, inakaa juu yake. Usifikirie kununua ya rangi ukaing'arishe kwa dawa yenye klorini, kwa sababu klorini huyeyusha hariri yenyewe.

Vyombo na maji

Unahitaji sufuria mbili kubwa za chuma kisichoshika kutu, au za enameli isiyobanduka. Sufuria zetu za kawaida za alumini zinaweza kutumika kwa rangi za njano na dhahabu, lakini siki huzila, na maji ya chuma (ya misumari yenye kutu, nitayaeleza mbele) yakipita humo rangi hutoka chafu. Ongeza mizani ya jikoni inayosoma gramu, mwiko wa mti, kitambaa cha kuchujia, ndoo mbili na glavu. Kipimajoto kinasaidia sana. Chombo kikishaingia kwenye rangi kisirudi tena kwenye chakula, hata ukikisugua vipi. Hapo sina mjadala na mtu.

Maji ya mvua ndiyo bora. Huku mvua hutushukia tangu Novemba hadi Aprili au Mei, basi kinga mapipa yajae. Maji ya kisima yenye kutu yatakupotosha: unatafuta njano ya jua, unapata kijani cha kijivu, kwa sababu chuma kilichomo kimeshaanza kufanya kazi yake kabla hujakialika.

Kupima na kuosha

Kila kipimo katika kazi hii kinatokana na uzito wa kitambaa kikiwa kikavu. Mtandio wa sentimita 180 kwa 45, wa hariri nyepesi ile ya skafu, una uzito wa gramu 28 hivi. Minne inakuwa gramu 110. Vipimo nitakavyotaja ni vya gramu 100 za hariri ndani ya lita 5 au 6 za maji. Hariri yako ikiwa nusu ya hapo, gawa kila kitu kwa mbili isipokuwa maji. Maji hayapaswi kuwa machache hadi kitambaa kikajikunja na kubanana, maana kila penye mkunjo pataacha doa.

Osha kwanza, hata kama nguo ni mpya. Mafuta ya mikono, wanga wa kiwandani na manukato ya mwenye nguo wa kwanza hufukuza rangi. Tumia maji ya nyuzi 60 hivi na kijiko cha shampuu ya kawaida, loweka nusu saa huku ukigeuza, kisha suuza. Shampuu ilitengenezwa kwa ajili ya nywele, na hariri inaipokea vizuri. Sabuni ya mche ina ukali wa magadi, iache. Sabuni za unga zinazojisifu kuondoa madoa ya damu na maziwa ziogope zaidi, kwa kuwa vimeng'enya vinavyotafuna protini ya doa vitatafuna na protini ya kitambaa.

Usikamue hariri kwa kuinyonga. Ibonyeze ndani ya taulo.

Ukikutana na hariri ngumu inayolia kama karatasi, hiyo bado ina gundi ya kiwavi. Kuitoa gundi huchukua saa nzima ndani ya maji ya moto yenye sabuni, na kitambaa hupoteza karibu robo ya uzito wake. Kwa anayeanza, ni afadhali atafute iliyokwisha kulainishwa.

Shabu, na wakati wa kuiacha

Shabu ni lile jiwe jeupe linalopitisha mwanga kama barafu, ambalo watu hulitumia kutakasa maji ya kunywa au kujipaka baada ya kunyoa. Linauzwa kwa wauza dawa za asili na kwenye baadhi ya maduka ya viungo. Kazi yake ni kushika uzi kwa upande mmoja na rangi kwa upande mwingine. Bila shabu, njano ya maganda ya vitunguu itapauka mapema.

Ponda gramu 10 hadi 12, ziyeyushe kwenye kikombe cha maji ya moto, mimina kwenye lita 5 za maji ya vuguvugu, koroga. Ingiza hariri ikiwa imelowa tayari, igeuze taratibu hadi hewa yote itoke, ifunike na uiache usiku kucha bila moto wowote. Asubuhi itoe, ibonyeze, isuuze mara moja tu. Watu wengine huchemsha shabu pamoja na hariri kama wanavyofanya kwa sufu. Sipendi njia hiyo, kwa sababu moto mkali unaua mng'ao, na hariri inaipokea shabu vizuri tu katika ubaridi. Usizidishe kipimo kwa tamaa pia. Shabu ikizidi, kitambaa hunata vidoleni.

Mimea yenye ukakasi, ile inayokausha ulimi ukiionja, hushika hariri yenyewe bila shabu. Hapo utaweka miwati, mikaratusi, chai na kokwa za parachichi. Shabu iwe ya vitunguu, manjano na maua.

Mimea tuliyonayo

*Magome ya miwati.* Mti huu uliletwa kutoka Australia, na Njombe kuna kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili yake. Dawa itokanayo na magome yake husafirishwa kwenda kusindika ngozi viwandani. Wakulima wadogo wa Njombe na Mufindi wanaupanda kwa ajili ya kuni na mkaa, na magome mara nyingi hubaki chini. Nenda kwa mchoma mkaa, mwombe magome mabichi kabla hayajakauka kabisa, au makavu ukikosa. Gramu 100 hadi 150, zilizokatwakatwa na kulowekwa usiku mmoja, zinatoa kahawia yenye wekundu kwa mbali, rangi tulivu inayovumilia jua na maji. Kama ungeniuliza mmea mmoja wa kuanzia maisha ya kazi hii, ningekujibu miwati bila kusita.

*Maganda ya vitunguu.* Ukipita Ruaha Mbuyuni barabara ya Iringa utaona vitunguu vimepangwa kando ya lami, na chini yake maganda yanayopeperuka bila mwenyewe. Sokoni pia wauza vitunguu huyafagia na kuyatupa. Wape mfuko, watakujazia. Gramu 50 za maganda makavu kwa gramu 100 za hariri yenye shabu zinatoa dhahabu nzito, na vitunguu vyekundu huivuta kuelekea rangi ya machungwa iliyokomaa au hata kahawia. Yachemshe nusu saa, inatosha.

*Kokwa na maganda ya parachichi.* Kijani cha nje hakikuambii kilichomo ndani: kokwa la parachichi linatoa waridi. Tafuta kokwa safi, zikwangue nyama yote, zikaushe au zitumie mbichi, zikate vipande. Kokwa kumi hivi zinatosha gramu 100 za hariri. Siri iko kwenye moto. Zikitokota kwa nguvu zinakupa kahawia ya kawaida; zikikaa saa mbili kwenye joto la chini, maji yakiwa yanatoa mvuke tu, kisha zikalala humo hadi kesho yake, waridi linakuja lenyewe. Huko Rungwe na Njombe, ambako parachichi za kuuza nje zimeongezeka sana, kokwa ni suala la kuongea vizuri na wenye mgahawa.

*Majani ya mikaratusi.* Haya nitayarudia kwenye kuchapa, maana ndipo ubora wake unapoonekana. Kwa kuchemsha, chukua majani sawa na uzito wa hariri au mara mbili yake, yapike saa moja na nusu nje ya nyumba, maana mvuke wake ni mkali. Rangi hutegemea aina ya mkaratusi: mmoja hutoa njano, mwingine rangi ya machungwa, mwingine rangi ya matofali yaliyochomwa. Kabla ya kuvuna mfuko mzima jaribu majani machache na ukanda mdogo wa hariri.

*Bangi mwitu.* Si bangi. Ni lile gugu refu lenye harufu kali na vijiua vya njano hafifu linaloota kwenye mashamba ya mahindi na viazi. Likate linapochanua, tumia majani na maua, mara mbili ya uzito wa hariri yenye shabu. Linatoa njano safi, na mwenye shamba atakushukuru.

*Chai* kutoka Mufindi au Rungwe hutoa rangi ya mchanga, nzuri kwa kutuliza weupe mkali. *Manjano* ya jikoni hutoa rangi ya kuvutia kuliko zote na hufifia upesi kuliko zote. Jua la milimani litaila. Nguo ya mteja sitaitia manjano hata akisisitiza. Buluu haitoki kwenye orodha hii. Hiyo ni kazi ya nili, nayo ina utaratibu wake wa pekee.

Moto wetu si moto wa pwani

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu yake, na maji yetu huchemka yakifika karibu nyuzi 94. Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka kwenye 93 hivi. Maana yake ni mbili. Kwanza, mapovu yakianza kuonekana usidhani bado una nafasi kubwa: joto la hariri ni nyuzi 80, ukizidi sana 85, na kutoka hapo hadi maji kuruka ni hatua fupi. Pili, magome na kokwa zinapochemshwa huku zinahitaji muda zaidi kuliko ulioandikwa, na kazi ya mvuke pia; mimi huongeza kama nusu saa.

Kama huna kipimajoto, tazama sufuria. Mvuke ukipanda bila kukatika na vijipovu vikishika pembeni na chini bila kupanda juu, uko mahali pake. Maji yakianza kugeuka na kusukumana, punguza. Jiko la mkaa linafaa kuliko wengi wanavyodhani, mradi ufunike makaa kwa majivu hadi moto upoe; jiko la gesi lina faida ya kupunguzwa papo hapo.

Kutia rangi, hatua kwa hatua

Pika mmea kwanza, bila hariri. Magome na kokwa vilowekwe tangu jana yake. Muda wa kupika vitunguu, parachichi na mikaratusi nimeshautaja. Chai na maua hayahitaji zaidi ya nusu saa, na magome ya miwati yape saa moja na nusu. Chuja kwa kitambaa, mara mbili kama ni magome, maana kipande kidogo cha gome kikibaki kitaandika alama yake kwenye hariri na hakitafutika.

Acha maji ya rangi yapoe hadi vuguvugu. Hariri iliyolowa maji ya kawaida ndiyo inayoingia. Kavu itakunywa rangi kwa mabaka. Iingize yote kwa pamoja, igeuze kwa mwiko pole pole bila kuacha kwa dakika kumi za kwanza. Dakika hizo kumi ndizo zinazoamua usawa wa rangi, na ukiwa na simu mkononi wakati huo utaona matokeo yake. Kisha pandisha moto taratibu, uchukue kama nusu saa kufika nyuzi 80, na uishike hapo saa moja, ukigeuza kila baada ya muda.

Zima moto. Usitoe kitambaa. Kiache kipoe ndani ya maji yake hadi asubuhi, na utaona kwamba kilichoingia usiku kimezidi kilichoingia motoni. Ukikitoa kikiwa cha moto na kukitia kwenye maji baridi, nyuzi hushtuka na mng'ao hupungua. Kumbuka pia kwamba hariri iliyolowa huonekana nzito zaidi kwa rangi kuliko itakavyokuwa ikikauka.

Ukitaka mapambo badala ya rangi moja, mikono ya batiki inarudi kazini hapa. Funga kokoto na mtama kwa uzi, kunja kitambaa kama feni na ubane kati ya vibao viwili, au shona mstari wa mkono na uuvute. Kaza kweli kweli: hariri ni nyembamba na rangi hupenya panapolegea.

Chuma kidogo

Misumari yenye kutu, maji na siki kwa kipimo sawa, kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kilicholegezwa: baada ya wiki moja au mbili unapata maji ya rangi ya chai. Kikombe kimoja cha maji hayo kwenye lita 4 za maji baridi ndiyo maji mepesi ya chuma ya kupitishia kitambaa. Kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kikipita humo, kwa dakika tano hadi kumi, dhahabu ya vitunguu hugeuka kijani cha mzeituni, waridi la parachichi huwa zambarau ya kijivu, na miwati huenda kwenye rangi ya moshi, karibu na nyeusi. Ni mabadiliko ya papo hapo, ya kupendeza kuyatazama.

Ila shika mkono wako. Chuma kikizidi hukausha hariri na baada ya miezi kitambaa huanza kukatika. Ni heri upite mara moja kwa kipimo chepesi, usuuze vizuri, na ukitaka giza zaidi urudi kwenye rangi kuliko kurudi kwenye chuma. Mwiko na ndoo ya kazi hii ya chuma viwe vya peke yake.

Wapo wanaotumia mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, kupata kijani. Mimi siutumii na sishauri. Maji yake ni sumu kwa samaki, na mifereji yetu inaishia mitoni.

Kuchapa majani ya mkaratusi

Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote, na ndiyo inayoifanya hariri ya huku isifanane na ya mahali pengine. Jani huacha umbo lake, mishipa yake na rangi yake, bila brashi wala karatasi ya kunakilia.

Chukua mtandio uliooshwa, hata bila shabu. Utandike mezani ukiwa na unyevu, si wa kudondosha maji. Chukua majani mabichi ya mkaratusi, yachovye kwenye maji mepesi ya chuma, yakung'ute. Yapange kwenye nusu moja ya kitambaa, upande wa chini wa jani, wenye mishipa iliyojitokeza, ukilalia hariri. Upande huo kwa kawaida ndio unaoandika vizuri. Changanya na majani ya waridi la bustanini, nayo huandika kwa giza zuri yakikutana na chuma. Acha nafasi kati ya majani. Anayeanza hujaza kila pembe, na matokeo huwa kichaka kisichosomeka. Jani moja lililokaa peke yake lina nguvu zaidi.

Kunja nusu iliyobaki ifunike majani, laza juu kipande cha shuka kuukuu la pamba ili umbo la safu moja lisipenye kwenye safu nyingine, kisha viringisha vyote kwenye fimbo nene iliyobanduliwa gome. Bomba la plastiki la maji lisitumike, hulegea kwa joto. Viringisha ukikaza kuanzia mwanzo, halafu funga kwa kamba ya pamba kutoka ncha hadi ncha, raundi kwa raundi, bila pengo. Jani lisilogusana na kitambaa halichapi chochote, na sababu kubwa ya kushindwa ni kamba iliyolegea.

Weka mzigo juu ya maji yanayochemka, si ndani yake. Mawe mawili na kipande cha wavu chini ya sufuria vinatosha kuuinua. Funika vizuri. Kwa mvuke wa Mbeya hesabu saa mbili hadi mbili na nusu, ukiongeza maji ya moto yanapopungua, kwa sababu sufuria ikikauka hariri inaungua kimyakimya. Geuza mzigo katikati ya muda.

Ukitoka kwenye mvuke, subira. Uache upoe kabisa, ikibidi hadi kesho, ndipo ufungue, ubandue majani na kuanika kivulini. Usiufue kwa siku kadhaa. Rangi inaendelea kukaa.

Ukitaka nyekundu kali au zambarau

Mimea yetu haikupi kila rangi, na mteja wa sendofu akija na rangi ya sherehe yake hataki kusikia habari za magome. Hapo tumia rangi za unga za asidi, zilizotengenezwa kwa sufu na hariri. Soma pakiti, maana rangi za batiki si hizi. Gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100 za hariri hutoa rangi ya wastani, gramu 3 hadi 4 rangi nzito. Vaa barakoa unapopima unga. Uyeyushe kwa maji ya moto, mimina kwenye lita 5, ingiza hariri iliyolowa, geuza dakika kumi na tano, kisha itoe kidogo, ongeza nusu kikombe cha siki, koroga na uirudishe. Pandisha hadi kati ya nyuzi 80 na 85, shika nusu saa, acha ipoe humo. Maji yakibaki karibu meupe, rangi yote imeingia kwenye nguo.

Kumalizia na kuuza

Suuza kwa maji ya vuguvugu hadi yatoke safi, fua mara moja kwa shampuu kidogo, na katika maji ya mwisho, kwa kitambaa kisichopita kwenye chuma, weka kijiko cha siki kwa lita moja. Siki hiyo inarudisha mng'ao, na inaipa hariri ule mlio wake wa kukwaruzana ikikunjwa mkononi, ambao wanunuzi wazoefu huusikiliza. Anika kivulini penye upepo. Kwenye baridi ya Juni na Julai itachukua muda, lakini usiipeleke juani kwa ajili hiyo. Piga pasi ikiwa bado na unyevu, upande wa ndani, kwa joto la chini.

Weka daftari. Kata ukanda mdogo wa kila kazi, ubandike kwenye ukurasa, na uandike uzito, mmea, mahali ulipouchuma, mwezi, maji, na kama chuma kilipita. Mkaratusi wa Mafinga hautatoa rangi sawa na wa Uyole, na mteja akirudi kutaka "kama ule wa dada yangu", daftari ndilo litakalokuokoa.

Mteja naye apewe kikaratasi pamoja na mtandio wake: afue kwa mkono, maji baridi, shampuu kidogo, aanike kivulini, asiutundike dirishani penye jua. Kama chuma kilitumika, andika pia kwamba ndimu na siki visidondoke juu yake wakati wa kula, maana vinakiondoa chuma na kuacha alama iliyopauka pale pale vilipogusa. Alama hiyo haifutiki kwa kufua. Inabidi mtandio mzima urudishwe kwako uutie chuma upya.